Kusoma Maelekezo Kabla ya Giza Kurudi

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kosa la wengi wanapokwama mbele ya kompyuta ni kumtafuta mtu kabla ya kutafuta ukurasa. Wanapiga simu Bujumbura, wanasubiri, wanapiga tena, na muda wote huo maelekezo yamelala ndani ya mashine yenyewe, karibu kabisa na vidole vyao. Nimefundisha hesabu tangu Ulyankulu, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, hadi hapa Rumonge tuliporudi, na kosa hili nimeliona kwa wanafunzi na kwa wakuu wa shule pia. Naandika siku hizi za mvua ili atakayeitunza mashine ya ushirika baada yangu aone jinsi ya kusoma.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo yenye betri katika ofisi ya ushirika wa wavuvi. Juu ya paa kuna kipima-upepo na kipima-hewa. Hewa ikishuka ghafla na upepo ukianza kugeuka, programu iitwayo texpost hutuma ujumbe kwenye simu za manahodha wote: msitoke, au rudini. Hakuna dirisha wala picha za kubofya. Kuna kioo cheusi na maandishi, nawe unaandika amri kwa mkono. Vijana wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi naipenda, maana inakujibu kile ulichouliza na haiongezi kitu.

Sasa ni majuma ya giza, mwezi hauonekani, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata taa. Kila jioni boti zinatoka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua tangu alfajiri, kisha jua. Nimejaribu kutuma ujumbe. Simu yangu imelia.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana alasiri mawingu yalishuka kutoka milimani, umeme ukakatika mji mzima, na ziwa likachafuka jua lilipozama. Simu yangu haikulia. Nikafikiri basi si dhoruba kubwa, mashine ingesema. Leo asubuhi boti zilirudi moja moja, nyingine bila taa, nyingine bila nyavu. Apolo ya Waziri haikurudi. Apolo ni mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti ikikatika kila mtumbwi unakwenda kwake.

Waziri ni mtoto wa Mwamini, jirani yetu, anayekausha ndagala kwenye vichanja karibu na ofisi. Mwamini alikaa kwenye kizingiti cha ofisi tangu asubuhi, amefunga Ramadhani, mdomo umekauka. Mchana ndipo habari ilipofika: mawimbi yamewatupa pwani ya Minago. Wote wako hai. Nuhu, anayeshika taa, amevunjika mkono.

Mwamini aliinuka, akapangusa kanga yake, akaniambia bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mimi ndiye nilimwambia Waziri angojee simu yako. Jana pwani alitaka kurudi alipoona mawingu. Alisema, mama, simu haijalia, basi iko salama."

Aliondoka.

Nilifungua kumbukumbu za mashine. Ilikuwa imeiona dhoruba mapema, alasiri kabla jua halijazama, na ikautengeneza ujumbe. Ujumbe ule haukufika kwa mtu hata mmoja.

Sikuzote niliogopa kwamba siku moja mashine itanyamaza. Sikuwahi kuogopa kwamba watu watauamini ukimya wake.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Sahani ya vitumbua imetufikia kama kila mwaka, lakini safari hii imeletwa na mtu mwingine. Mwamini hakuja mwenyewe. Ernestina, mke wangu, alirudisha sahani ikiwa na mayai ndani, naye akakaa kule hadi jioni. Aliporudi hakunieleza walichozungumza, nami sikuuliza.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempigia Niyonzima, fundi wa Bujumbura aliyetuwekea mashine hii mwezi wa kwanza, baada ya maji ya ziwa kuingia ofisini na kuua ile ya zamani. Hawezi kuja. Hana mafuta ya gari, na barabara imefunikwa na udongo pale Gitaza. Alisema tuizime na kuiwasha. Tumeizima na kuiwasha.

Basi nikafanya ninachowahubiria wengine. Niliandika `man texpost`, nikabonyeza kitufe cha kuingiza, na ukurasa wa maelekezo ukafunguka, kwa Kifaransa, maana mashine yetu yote inasema Kifaransa.

Anayejifunza na ashike haya. Kitufe kirefu cha chini kinakushusha ukurasa mmoja. Ukitaka neno, andika mkwaju (/), kisha neno lenyewe; herufi n inakupeleka mahali pengine lilipo. Herufi q inakutoa. Usisome kama gazeti, ukiruka ruka. Tafuta neno la tatizo lako, kisha soma aya nzima lilimo, na aya iliyotangulia.

Nilitafuta habari za ujumbe usiofika. Ukurasa ulisema wazi: rezo, yaani mtandao wa simu, ikianguka, texpost huutunza ujumbe na kuujaribu tena yenyewe mpaka utoke. Modeste, sekreteri wa ushirika, alisoma juu ya bega langu, akasema, "Unaona, Muzee Pontiani. Mashine haina kosa. Kosa liko kwa watu wa rezo."

Ukurasa ulikuwa mzuri, umepangwa vizuri, Kifaransa chake safi. Nilikubali. Hata nilihisi mzigo umeshuka.

Jumamosi, 5 Aprili

Jaribio, asubuhi. Limefaulu. Jaribio, mchana. Limefaulu. Kila jaribio linafaulu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumatano, 9 Aprili

Mwezi umeshakuwa mkubwa. Boti zimevutwa pwani, wavuvi wanashona nyavu. Mwezi uking'aa ndagala hutawanyika, taa haina kazi, kwa hiyo ziwa linapumzika. Giza litarudi baada ya Pasaka. Huo ndio muda nilio nao.

Waziri alipita ofisini. Ana alama ya kamba shingoni bado. Alisalimia kwa heshima, "Amahoro, Muzee," akaketi, akazungumza habari za miti mipya ya apolo. Alipoinuka kuondoka ndipo alisema nia yake. Giza likirudi atatoka kila siku, simu ilie isilie. Atatazama mawingu kwa macho yake kama babu zake.

Nikamkumbusha kwamba dhoruba za milimani hazionekani mpaka ziko juu ya kichwa.

"Najua, Muzee. Lakini mawingu hayajawahi kuniambia niko salama."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimegombana na Modeste. Nilimwomba tubadilishe lugha ya mashine iwe Kiingereza, ili nijaribu kusoma kwingine. Alikataa. Alisema Burundi watu wamesoma Kifaransa, na sisi tuliotoka Tanzania tunataka kila kitu kifanane na Tanzania. Nami nikamjibu kwamba wengine wamekaa ofisini miaka yote na hawajui hata mahali kipima-hewa kilipo. Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Nilimwona leo kuwa mtu wa kiti na muhuri tu.

Ernestina alipika mboga za lenga-lenga. Nilipolalamika kwamba mashine inafanya kazi kila ninapoijaribu, alicheka.

"Baba Émérance, mashine yako iko kama paka. Inatembea siku ya jua, mvua ikija inajificha."

Nilicheka na mimi. Kisha nikaacha kula.

Majaribio yangu yote nimeyafanya siku za utulivu, wakati rezo ipo. Dhoruba ikija umeme unakatika, mnara wa simu unazimika, rezo inaanguka kwa muda, kisha inarudi. Sijawahi kuijaribu mashine katika hali ile ambayo iliwekwa kwa ajili yake.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nilikwenda ofisini na matawi yangu mkononi. Niliifungua antena ya modemu, ndicho kifaa kidogo kinachobeba laini ya simu, kisha nikatuma ujumbe. Nikangoja. Nikairudisha antena. Rezo ilirudi. Nikangoja tena, mpaka kivuli cha mlango kikafika ukutani.

Simu haikulia.

Ukurasa unasema ujumbe utajaribiwa tena wenyewe. Mashine haijaribu. Mmoja wao ananidanganya, na wote wawili nimewaamini.

Jumatatu, 14 Aprili

Maelekezo ya texpost yapo pia kwenye intaneti, kwa walioitengeneza. Kwenye simu ya Modeste ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Rezo yetu haina nguvu za kubeba picha na mapambo. Lakini ipo njia ya watu wa kioo cheusi. Programu iitwayo lynx huleta maneno matupu ya ukurasa, bila picha, na maneno ni mepesi. Unaandika `lynx` na anwani. Mshale wa chini unakupeleka kwenye kiungo kinachofuata, mshale wa kulia unaingia ndani yake, wa kushoto unakurudisha ulikotoka. Ukipotea, rudi kushoto mpaka uone yaliyomo mwanzoni, uanze upya. Hakuna aibu. Mimi nimepotea asubuhi nzima.

Maelekezo ni ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha darasa la hesabu, kinakwenda polepole. Jioni umeme ulikatika, na rezo nayo, nikiwa katikati ya ukurasa unaohusu mipangilio.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna umeme.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna umeme. Mwezi unachelewa kuchomoza sasa. Wavuvi wameanza kujaza mafuta ya jenereta za taa. Wanayanunua kwa chupa, maana kituoni hayapo. Mwamini alipita mbele ya nyumba yetu, akasimama.

"Mwalimu, nikuulize kitu kimoja. Giza likirudi, nimwambie mutoto wangu asikilize simu, au nimwambie asisikilize?"

Nilimwambia sijui bado. Nilimwomba anipe mpaka Pasaka. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimeliona.

Umeme ulirudi asubuhi. Kwa lynx nilifika kwenye orodha ya mipangilio, na katikati yake kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona: `keep-unsent`. Maana yake ni kutunza ujumbe ambao haukutoka. Chini yake waliandika kwamba zamani texpost ilitunza ujumbe yenyewe, lakini tangu toleo la nne haitunzi. Ujumbe ukikosa rezo unatupwa palepale, isipokuwa mwenye mashine ameandika mstari huo katika faili la mipangilio na kuweka yes mbele yake.

Nilimwita Modeste. Alisoma, akatikisa kichwa. "Hii ni ya kwao huko, Muzee. Ya kwetu iko humu ndani." Akafungua `man texpost`, akatafuta neno lile kwa mkwaju. Mashine ikajibu kwamba neno halipo. Akanitazama kama mtu aliyeshinda.

Hapo mimi mwenyewe nilitetereka. Kurasa mbili za kitu kimoja, na kila moja inasema kinyume cha nyingine. Shuleni, mwanafunzi akiniletea majibu mawili, simuulizi lipi analipenda. Namwambia aonyeshe kila moja limetoka wapi. Basi nilibonyeza G kubwa, inayokushusha hadi mwisho kabisa wa ukurasa. Chini, kwenye mstari ambao hakuna anayeusoma, kuna maneno madogo: texpost 2, mwaka 2017.

Kisha niliandika `texpost --version`, maana yake sema wewe ni toleo gani. Ikajibu: 4.

Tulikuwa tukisoma maelekezo ya programu nyingine, yenye jina lile lile. Watengenezaji wanaandika kwa Kiingereza. Watu wenye moyo mwema wanatafsiri kwa Kifaransa, kwa kujitolea, kisha wanachoka au wanapata kazi nyingine. Programu inasonga mbele na tafsiri inabaki nyuma. Na mashine iliyopangwa kwa Kifaransa, ikiwa na kurasa mbili, inakuonyesha ya Kifaransa bila kukuambia kwamba ipo nyingine. Niliandika `LANG=C man texpost`, yaani nionyeshe ukurasa wa asili. Ulikuwepo humo humo ndani ya mashine, toleo la nne, wenye mstari ule. Siku zote hizi ulikuwa chini ya mikono yetu.

Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Ni mimi niliyemwambia Niyonzima aiweke Kifaransa," alisema Modeste. "Kornelia wa kamati na wengine hawajui Kiingereza. Nilisema, siku Muzee akiugua, nani atasoma?"

Nimemfahamu mtu huyu tangu tuliporudi, na sikujua kwamba aliwahi kuwaza hivyo. Nilimwambia alichowaza ni sahihi. Nilimwambia pia kwamba ukurasa ule wa Kifaransa nami niliuamini kwa sababu ulikuwa mzuri.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Tumeandika `keep-unsent yes`. Nikafungua antena, nikatuma, nikarudisha antena. Kimya. Nusura nilie. Modeste ndiye aliyerudi kwenye ukurasa, sasa wa Kiingereza, akaukokota mstari kwa mstari akiniuliza maneno, mpaka akafika mahali paliposema programu haisomi mipangilio mipya mpaka ianzishwe upya. Tukaianzisha upya. Antena nje, ujumbe, antena ndani.

Simu yangu ililia, kisha ya Modeste, kisha kule nje kwenye vichanja ya Mwamini, ambaye nilikuwa nimemwingiza kwenye orodha ya manahodha bila kumwomba ruhusa.

Alikuja hadi mlangoni na simu mkononi. Nikamweleza yote, Kifaransa na Kiingereza, toleo la pili na la nne. Nafikiri nilieleza kupita kiasi. Alisubiri nimalize.

"Na siku ya mvua?"

Nikamwambia siku ya mvua bado haijaja.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Watoto walikuja. Sikuweza kukaa mezani. Ernestina alinifungia chakula nikaenda nacho ofisini.

Jumanne, 22 Aprili

Boti zimeanza kutoka. Anga safi. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Mchana joto lilikuwa zito, nguo zinanata. Baadaye hewa kwenye kipima-hewa ikashuka kama jiwe. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo. Mashine ikatengeneza ujumbe, na kabla haujatoka, umeme wa mji ukakatika. Betri ikaishika mashine. Kwenye simu yangu alama za rezo zikapungua, zikaisha.

Milimani juu ya Rumonge kulikuwa kweusi. Ziwani kulikuwa bado na jua, maji yamelala kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kutoka dirishani niliwaona wakisukuma boti. Za kwanza zilikuwa tayari majini, na ya Waziri kati yake, ile yenye miti mipya myeupe.

Niliandika amri ya kuonyesha ujumbe unaongoja. Ilijibu: upo. Haukutupwa. Lakini ujumbe unaongoja haumwokoi mtu. Ukurasa haukusema utangoja hadi lini, kwa sababu hilo si la ukurasa, ni la mnara wa simu.

Modeste hakungoja. Alichukua baiskeli, akashuka pwani, nikamwona akipita boti moja hadi nyingine, viatu vyake vya ofisi ndani ya maji, akionyesha mlima. Wengine walimcheka, nilisikia mtu akimwita Sekreteri wa Mvua. Wengine walirudisha nyavu. Lakini waliokwisha kuingia majini hawakuweza kumsikia, jenereta zinanguruma.

Mwamini alikuja akasimama kando yangu ofisini. Aliishika simu yake kwa mikono miwili.

Rezo ilirudi. Sijui baada ya muda gani. Upepo ulikuwa umeshaanza kuinua vumbi barabarani. Simu ya Mwamini ililia kwanza, kisha yangu, kisha kutoka pwani tulisikia simu nyingi zikilia karibu kwa pamoja, kama kuku wanaomwona mwewe. Tukatazama maji. Apolo zilikuwa mbali, zikionekana ndogo kama kiganja. Moja ikageuka, nyingine ikageuka. Ile yenye miti myeupe iliendelea mbele.

"Amesema hatasikiliza," alisema Mwamini. "Amesema."

Niliitazama miti ile myeupe mpaka macho yakatoa machozi. Ikaenda. Ikaenda. Kisha miti ikaonekana kwa ubavu, mirefu, na nikaelewa kwamba inageuka.

Mvua ilifika ufukweni pamoja nao. Waziri aliruka majini akiwa na kamba begani, akapanda hadi ofisini akichuruzika, akaweka simu yake mezani kwangu.

"Mama, usinitazame hivyo, nimerudi. Muzee, imelia mara tatu. Ya tatu nikaona aibu."

Mwamini alimpiga kofi jepesi begani, akavua kanga ya juu akamfunika nayo kichwa kama mtoto. Kisha akanishukuru, "Murakoze, Mwalimu." Modeste aliingia akiwa na kiatu kimoja. Kingine kimechukuliwa na ziwa.

Boti zote zimehesabiwa pwani. Zimetimia.

Ijumaa, 25 Aprili

Vitumbua vimeletwa asubuhi, na si sikukuu. Mwamini ameleta mwenyewe, akakaa.

Nimeanza na Modeste kutafsiri ukurasa wa toleo la nne kwa Kifaransa, tutautuma kwa wale wanaojitolea. Yeye anashika Kifaransa, mimi Kiingereza, tunabishana kila mstari. Ukurasa wa kwanza wa shajara hii siufuti: ni kweli, soma kabla ya kuuliza mtu. Ila ukurasa nao uulizwe umetoka lini.

Wewe unayesoma haya, leo hii, fungua `man` ya programu moja unayoitegemea, bonyeza G kubwa, na usome tarehe iliyo kwenye mstari wa mwisho.